Nidhamu ya Wajapani haikushuka kutoka mbinguni

Mtanzania anapofika Japani kwa mara ya kwanza, awe mwanafunzi, mfanyabiashara wa magari au mtumishi wa umma aliyepelekwa mafunzoni, taarifa anazotuma nyumbani katika juma la kwanza hufanana mno na za waliomtangulia. Treni imeingia stesheni kwa dakika ile ile iliyoandikwa ubaoni. Barabarani hakuna hata karatasi ya pipi, na cha ajabu zaidi, hakuna pipa la taka. Ndani ya behewa lililojaa watu hasikiki hata mmoja anayezungumza na simu. Mwenzake alisahau pochi kwenye benchi, akaikuta kituo cha polisi na fedha zake zote. Baada ya orodha hiyo huja hukumu, nayo ndiyo inayonishughulisha: kwamba wenzetu wameumbwa hivyo, wana ustaarabu ndani ya damu, na sisi tumeumbwa vingine.

Nilisoma na kuishi huko, nikapokea Watanzania wengi waliokuja baada yangu, hasa wale wa mpango wa ufadhili wa ABE Initiative uliotangazwa katika TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, wa mwaka 2013 mjini Yokohama, na sina ugomvi wowote na wanachokiona. Wanachokiona kipo. Ugomvi wangu ni na hatua ya pili, ile ya kutoka kwenye jambo lililoonekana kwenda kwenye tabia ya asili ya taifa zima, kwa sababu macho ya mgeni huona matokeo tu, hayaoni sheria, mabishano, bajeti na miaka iliyotumika kuyapata. Wahenga walituambia kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa, lakini sisi tukifika Tokyo tunasimulia kana kwamba chombo kimejiotea chenyewe majini. Tukisimulia hivyo hatuwaheshimu Wajapani, maana tunawanyang'anya kazi yao. Tunajidharau wenyewe pia, na kibaya zaidi, tunawapa viongozi wetu sababu ya kuamini kwamba tatizo letu ni mioyo ya wananchi, na kwamba dawa yake ni kuwahubiria.

Hukumu hiyo ingeweza kusitishwa pale pale uwanja wa ndege. Wengi wetu hutua Narita, kilomita 60 hivi kutoka katikati ya Tokyo. Mgeni anapoona utulivu wa uwanja ule, wahudumu wakiinamisha vichwa na ofisa uhamiaji akimkabidhi kadi ya ukaazi papo hapo, huamini kwamba amefika kwenye nchi ya watu watiifu wasiowahi kugombana na serikali yao. Uwanja huo huo ni alama ya mmoja wa migogoro mikali ya ardhi katika historia ya Japani baada ya vita. Mwaka 1966 baraza la mawaziri liliamua kuujenga juu ya mashamba ya wakulima wa Sanrizuka bila ya kuzungumza nao kwanza. Wakulima, wakiungwa mkono na wanafunzi wa vyuo vikuu, walikataa kuhama. Walijenga ngome, wakajifunga minyororo kwenye miti, na mwaka 1971 askari polisi 3 waliuawa katika mapambano. Machi 1978, siku chache kabla ya uzinduzi, wapinzani waliuvamia mnara wa kuongozea ndege wakavunja mitambo, na uwanja haukufunguliwa hadi Mei 20. Mwaka 1995 Waziri Mkuu Murayama aliwaomba radhi wakulima hao. Hadi mwaka 2015 kila aliyeingia kwenye majengo ya uwanja alikaguliwa kitambulisho, na baadhi ya mashamba ya waliogoma kuhama yalibaki kwa miongo kadhaa yakiwa yamezungukwa na njia za ndege. Mgeni anayepita na mizigo yake hana namna ya kuyajua hayo, wala simlaumu. Ninachosema ni kwamba utulivu anaouona ni wa leo.

Suala la muda ndilo linalotuumiza zaidi sisi Waafrika, kwa sababu tumeshakubali kulibeba kama aibu ya kuzaliwa nayo. Mtu akichelewa mkutano hapa Dar es Salaam husema ni saa za Kiafrika, na wote wakacheka. Willem van Kattendijke, ofisa wa jeshi la majini la Uholanzi aliyeongoza mafunzo ya mabaharia mjini Nagasaki kuanzia mwaka 1857, aliacha kumbukumbu ambamo analalamikia jinsi wenyeji wake walivyouchukulia muda kwa wepesi. Naye alikuwa mgeni, naye aliandika alichokiona, lakini alichokiona ni kinyume kabisa cha anachokiona mgeni wa leo. Enzi hizo Wajapani walihesabu saa kwa kufuata mapambazuko na machweo, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, isipokuwa wao waligawa mchana na usiku kwa saa ambazo urefu wake ulibadilika kadiri majira ya mwaka yalivyobadilika. Reli ya kwanza, kati ya Tokyo na Yokohama, ilifunguliwa mwaka 1872. Mwaka uliofuata serikali ikafuta hesabu ya kale na kuingia kwenye saa 24 zilizo sawa. Ilibidi shule, viwanda na majeshi yafanye kazi ya kuwazoeza watu. Hata mwaka 1920, karibu nusu karne baadaye, wakubwa waliona bado kuna haja ya kutenga Juni 10 kuwa siku ya kuwakumbusha raia kuheshimu muda. Taifa lililozaliwa na saa mkononi halihitaji siku ya namna hiyo.

Muda huo una gharama ambayo msafiri haioni kwenye tiketi. Asubuhi ya Aprili 25, 2005, mjini Amagasaki karibu na Osaka, treni iliyokuwa imechelewa kwa takribani dakika moja na nusu iliingia kwenye kona kwa mwendo wa kasi mno, ikaacha reli na kugonga jengo la makazi. Watu 107 walikufa, dereva mwenye umri wa miaka 23 akiwa mmoja wao. Uchunguzi ulionyesha kwamba madereva waliochelewa walikuwa wakipelekwa kwenye mafunzo ya adhabu yaliyojaa fedheha, na kwamba ratiba yenyewe ilibana kiasi cha kutoacha nafasi ya kufidia kosa dogo. Sisemi kwamba treni zichelewe. Nasema kwamba dakika ile inayotushangaza stesheni inashikiliwa na watu wenye hofu, wenye kanuni juu ya vichwa vyao na wasimamizi nyuma yao, na anayetaka kuiga sharti ajue anaiga nini hasa.

Habari ya pochi iliyorudishwa ni nzuri, na hutokea mara nyingi: polisi wa Tokyo walipokea zaidi ya vitu milioni 4 vilivyookotwa katika mwaka 2019 peke yake. Lakini tuangalie mashine iliyo nyuma yake. Karibu kila mtaa una koban, yaani kibanda cha polisi kilicho umbali wa kutembea kwa miguu, ambako aliyeokota kitu hapotezi nusu siku wala haulizwi kana kwamba yeye ndiye mwizi. Sheria inampa haki ya zawadi ya kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani ya alichookota. Mwenyewe asipotokea ndani ya miezi 3, kwa kawaida kitu huwa chake. Na akikitia mfukoni kimyakimya amefanya kosa la jinai linaloweza kumpeleka jela. Uaminifu upo, nami nimeufaidi, ila umerahisishiwa njia. Pale ambapo njia haijarahisishwa, mambo hubadilika: miavuli inayoachwa kwenye ndoo mlangoni mwa maduka huchukuliwa ovyo siku za mvua, na wizi wa baiskeli umeenea kiasi kwamba tangu mwaka 1994 sheria inamtaka kila mwenye baiskeli aisajili. Watu ni wale wale.

Kuna jambo moja ambalo mgeni wa Kitanzania huliona siku ya kwanza na kulipita bila ya kujiuliza, ingawa linamhusu kuliko yote. Magari ya Japani yote yanaonekana mapya. Amezoea Noah, IST na Hiace za nyumbani, zilizochoka, na sasa anaona ndugu zao waking'aa, akahitimisha kwamba Wajapani wanatunza vitu. Wanatunza, ndiyo, lakini gari la abiria likishanunuliwa jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi, wanaouita shaken, huja na ada, kodi, bima ya lazima na matengenezo ambayo jumla yake humfanya mwenye gari apige hesabu kama inafaa kuendelea nalo. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake huongezwa. Basi gari zima, lenye injini nzuri, huondolewa barabarani kwa sababu ya hesabu, hupelekwa mnadani, na kutoka Yokohama au Nagoya hupakiwa melini. Wanaoendesha upande wa kushoto kama wao ndio wateja wa wazi, na Tanzania ni mmoja wa wateja wakubwa.

Hili halihitaji nauli ya ndege kulithibitisha. Mwenye gari hapa Dar es Salaam atazame sehemu ya juu ya kioo chake cha mbele. Mara nyingi atakuta stika ndogo ya mraba ambayo hakuna aliyejisumbua kuibandua, yenye tarakimu za mwezi na mwaka. Mwaka wenyewe umehesabiwa kwa enzi ya mfalme wao, kwa hiyo 30 ni mwaka wa 30 wa Heisei, ambao ni 2018, na 2 ni mwaka wa 2 wa Reiwa, ambao ni 2020. Hiyo ndiyo tarehe ambayo ukaguzi wa mwisho ungeisha, na ndiyo mara nyingi inayoeleza kwa nini gari hilo liko Ubungo badala ya Saitama. Vivyo hivyo daladala zetu nyingi bado zina majina ya hoteli na shule za chekechea ubavuni. Upya wa barabara za Tokyo, kwa sehemu fulani, umekamilishwa na uchakavu wa barabara zetu, pamoja na ushuru wa ziada tunaoulipa kwa gari lililozeeka. Mgeni anayelinganisha barabara hizi mbili kama tabia mbili za watu analinganisha mwanzo na mwisho wa biashara moja.

Kinachoonekana pia hakionyeshi kila kitu. Ukimya unaosifiwa ni adabu, lakini ni umri vilevile: karibu asilimia 29 ya watu wa Japani wamefikisha miaka 65 au zaidi, na mtu anayetoka kwenye taifa ambalo zaidi ya watu 4 kati ya 10 hawajafikisha miaka 15 anasikia kimya cha mtaa usio na watoto na kukiita malezi. Mabehewa ya wanawake pekee, ambayo mgeni huyaona kama upole wa kuwajali kina mama, yalienea Tokyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu wanawake walikuwa wakipapaswa kwenye msongamano na wakachoka kunyamaza. Nao upole wa dukani haufiki mlangoni mwa nyumba ya kupanga. Wizara ya Sheria ya Japani ilitoa mwaka 2017 matokeo ya uchunguzi wake kuhusu maisha ya wageni, na miongoni mwa waliotafuta nyumba, karibu 4 kati ya 10 walijibu kwamba waliwahi kukataliwa kwa sababu tu si Wajapani. Wanafunzi wetu wengi hulijua hilo mwezi wa pili au wa tatu, wakati taarifa za nyumbani zimeshapungua, na kwa hiyo halifiki nyumbani.

Sasa nije kwenye usafi, ambao ndio huzungumzwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Mapipa hayaonekani stesheni kwa sababu yaliondolewa baada ya Machi 20, 1995, wafuasi wa kundi la kidini la Aum Shinrikyo walipoachia gesi ya sumu ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo na kuua watu; sehemu nyingi hayakurudishwa. Kwa hiyo kutokuwapo kwa pipa, kunakosimuliwa kama ushahidi wa ustaarabu, kulianza kama hatua ya usalama. Mtu hurudi na uchafu wake nyumbani kwa kuwa anajua kwamba nyumbani uchafu huo una siku yake na gari lake.

Nyumbani huko ndiko pa kuangalia. Katika mtaa niliokaa, mahali pa kuweka taka palikuwa kando ya ukuta wa jirani, pametandikwa wavu wa buluu wa kuwazuia kunguru, na juu yake ubao uliosema Jumanne na Ijumaa ni taka za kuungua, Jumatano ni chupa, makopo na karatasi, na zisizoungua ni mara mbili tu kwa mwezi. Taka ziwekwe asubuhi kabla ya saa mbili, si usiku wa kuamkia siku hiyo. Mfuko uliochanganywa haukuchukuliwa; gari liliondoka, na mfuko ukabaki peke yake chini ya wavu ukiwa na karatasi iliyobandikwa kueleza kosa, mtaa mzima ukiuona. Baada ya gari kuondoka alitokea mzee mmoja mwenye glavu za kazi, aliyekuwa zamuni kwa mujibu wa orodha ya jumuiya ya mtaa, akaukunja wavu, akafagia majimaji yaliyovuja, kisha akausoma ule mfuko kwa makini akijaribu kujua umetoka nyumba ipi. Hapo kuna manispaa yenye magari yanayofika kila siku iliyotajwa, kuna ratiba iliyochapishwa ambayo mgeni hupewa anapokwenda kusajili anwani yake ndani ya siku 14, kuna adhabu ya aibu, na kuna jirani anayekuangalia. Ukiondoa kimoja, sina hakika kama mtaa ule ungebaki vile.

Nao haukuwa vile siku zote. Tokyo ya kabla ya michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964 ilikuwa na mito iliyonuka na ilihitaji kampeni kubwa ili jiji lionyeshwe kwa wageni. Mwaka 1965 nzi kutoka dampo la Yumenoshima, kwenye ghuba, waliwavamia wakazi wa wilaya ya Koto kwa wingi uliolazimu dampo hilo lichomwe moto. Sehemu kubwa ya taka za jiji ilipita kwenye barabara za Koto kila siku, magari yakidondosha na kunuka, huku wilaya za watu wenye nafasi, Suginami ikiwamo, zikikataa kujengewa kiwanda cha kuteketeza taka kwao. Septemba 1971 Gavana Minobe Ryokichi alitangaza kile alichokiita vita vya taka. Mwaka 1973 watu wa Koto walisimama barabarani na kuyarudisha magari yaliyobeba taka za Suginami, wakitaka kila wilaya ibebe mzigo wake. Mapatano yalipatikana mahakamani mwaka 1974, na kiwanda cha Suginami kikakamilika mwaka 1982, katikati ya makazi ya watu walioanza kwa kusema hakitajengwa kamwe.

Ninalisisitiza hili kwa sababu maelezo tunayoletewa na wanaorudi ni mengine: kwamba siri ya usafi wa Wajapani ni watoto kusafisha madarasa yao. Husafisha kweli, hata vyoo. Lakini sisi je? Mtoto wa shule ya msingi Tanzania hufika na fagio lake, hufagia uwanja, hupiga deki na kuchota maji kabla ya kengele, na hilo halijaiondolea Manzese mifereji iliyoziba. Ufagio tunao. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na kuagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima, watu wakatoka kwa maelfu, na baadaye ikawekwa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi. Nani hajaona matokeo yake? Taka zilizofagiwa kwa moyo mmoja hulundikwa kando ya barabara zikisubiri gari, na mvua ikinyesha kabla ya gari kufika, hurudi mferejini. Mikono haikukosekana siku ile, wala moyo. Kilichokosekana ni gari la Jumatatu.

Na gari lenyewe likija, linakwenda wapi? Sehemu kubwa ya taka zinazokusanywa jijini Dar es Salaam huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, zikiwamo za Masaki na Mikocheni, ambako watu wana uwezo wa kununua na kutupa kuliko wenzao wa Pugu. Wakazi wa huko wanaishi na harufu, moshi na magari yanayodondosha njiani, kama walivyoishi watu wa Koto. Maofisa wetu wanaopelekwa Japani kujifunza usimamizi wa miji hupiga picha kwenye viwanda vya kuteketeza taka vyenye bomba refu na bustani safi. Wangeomba pia kuonyeshwa kumbukumbu za baraza la wilaya ya Koto za mwaka 1971 hadi 1974, kisha wakaziweka mezani kwenye kikao cha madiwani wa Kinondoni na wa Ilala, pamoja na swali la ni lini taka za Masaki zitapata mahali pa kumalizikia Masaki.